Afande wa Mapunye

Mume wangu husema kwamba hata nikiwa nimelala fofofo, mtu akimsifu Afande chumba cha pili nitaamka. Hulisema hilo mbele ya wageni, akicheka, nami hucheka pamoja nao. Lakini si uongo. Kuna watu hapa Kasese ambao siwezi kuketi nao muda mrefu, kwa sababu najua tutaongea habari za mvua, za kahawa, za harusi ya fulani, na mwisho mmoja wao atasema, "Ah, lakini yule Afande wa Bwera alikuwa mtu!" Basi chai yangu inapoteza ladha hapo hapo.

Kila mtu alimwita Afande. Alikuwa nesi jeshini kabla ya kuja kukaa Bwera, na alipovua sare, amri zilibaki mdomoni. Alipanga vyumba viwili nyuma ya barabara iendayo mpakani mwa Kongo, akaweka benchi nje, akatibu ngozi, nywele na kucha. Basi. Ukimpelekea malaria alikuonyesha mlango. "Hiyo peleka hospitali," alisema. "Mimi iko na vita ya fangasi. Vita moja inatosha."

Alikuwa mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa pale, na alijua. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama kama ubao. Hakuinama kuongea na mtu aliyekaa. Alingoja mtu ainue uso. Waendesha boda boda waliokuwa wakipigiana kelele mbele ya kliniki walinyamaza akitokea mlangoni. Mimi nina saluni. Nimeshika vichwa vya wanawake wa mji huu tangu nikiwa msichana, nabembeleza, nachekesha, nasikiliza siri, na bado mteja anaweza kunifokea kwa sababu ya msuko mmoja uliobana. Afande hakubembeleza mtu hata siku moja, na watu walimpenda. Hilo ndilo la kwanza nililomwonea wivu. Hayo mengine yalifuata.

Nilimjua kwa sababu ya kichwa cha Masika.

Masika ni binti yetu wa kwanza. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi alipotokwa na duara dogo juu ya sikio, limekauka, nywele zimekatika kama nyasi zilizopitiwa na mbuzi. Nilijua ni mapunye. Msusi gani asiyejua mapunye? Nikampaka mafuta ya fangasi ya dukani, yakatulia kidogo, kisha duara la pili likatokea nyuma ya kichwa. Wifi yangu, anayekaa Bwera, akaja na tyubu aliyoinunua sokoni kwa mama mmoja wa Kikongo. Tukapaka. Wekundu ukaisha haraka mpaka tukamshukuru Mungu, na baada ya hapo ugonjwa ukarudi ukiwa umetanda nusu ya kichwa. Mahali pamoja pakavimba, pakawa laini kama papai lililoiva, usaha ukitoka kwenye vitundu vidogo vidogo. Mtoto alilia hata upepo ukimgusa.

Nifikirieni mimi. Saluni yangu iko mtaa wenye watu wengi, na binti wa mwenye saluni ana kichwa kinachonuka. Nilimfunga kitambaa cha maua, kizuri, cha hariri, nikamwambia asikivue shuleni. Watoto wakakivua. Walimwita Biguuna, ambalo ni jina la Kiganda la mapunye, na jina hilo likamfuata mpaka Rukoki tunakokaa. Wateja wangu wawili wa siku nyingi wakaanza kusukia kwingine. Masika akaacha kuongea mezani. Akaacha kuongea nami hata nikimwogesha.

Dispensa mmoja, mtoa dawa wa mjini, alitaka kupasua ule uvimbe kwa wembe. Wifi yangu ndiye aliyepiga simu: "Mulete huku Bwera kwa Afande kabla hamujamukata mutoto."

Tukapanda taksi asubuhi, Masika kando yangu, kitambaa kimegandamana na kichwa. Njia nzima kuanzia pale barabara inapoachana na ile ya Katwe nilimsemesha, nikamwonyesha nyati, nikamwahidi soda. Hakunijibu.

Benchi la Afande lilikuwa limejaa. Yeye alitoka, akapita wagonjwa wote kwa macho, akasimama kwa Masika.

"Wewe. Kitambaa. Kuja."

Nikaanza kueleza. "Afande, mtoto ana aibu, hapendi watu wa—"

"Nimeuliza wewe?" Hakuniangalia hata. "Mtoto, jina?"

"Masika." Nilishtuka. Sauti yake nilikuwa sijaisikia kwa siku nyingi.

"Masika, toa kitambaa wewe mwenyewe. Mimi sitatoa."

Na mtoto wangu, ambaye kwangu alipiga mateke nikigusa tu fundo la kile kitambaa, akakifungua. Akakikunja. Akampa Afande mkononi, mbele ya wale watu wote.

Ndani, Afande alinawa, akavaa glavu, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayeshika chungu kilichotoka motoni. Alichomoa kinywele kimoja kilichokatika, akakwangua magamba kidogo, akaweka kwenye kioo, akadondoshea dawa, tukangoja. Kisha akaingiza kioo kwenye hadubini yake, akachungulia kwa muda, akavuta kigoda.

"Panda. Ona adui yako."

Masika akapanda. Akafumba jicho moja. Akakaa pale mpaka nikadhani amelala.

"Ni kama nyuzi," akasema. "Na ndani ya nywele kuna shanga."

"Hiyo ndiyo inakula nywele yako. Siyo laana, siyo uchafu, siyo mama yako. Ni kitu kinataka kuishi, kama wewe. Sasa nani atashinda?"

"Mimi."

"Sauti!"

"Mimi!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikishikilia pochi. Nilingoja aniambie na mimi nije nione. Hakuniambia. Akakitoa kioo, akakitia kwenye ndoo ya dawa, akaanza kutoa maagizo. Mafuta ya kupaka hayawezi kufika kwenye mzizi wa unywele, kwa hiyo ni vidonge, kila siku, kwa wiki nyingi, na vinywewe na chakula chenye mafuta, maziwa au karanga, la sivyo vinapita bure. Uvimbe usiguswe na wembe wowote. Nywele zioshwe kwa shampuu ya dawa ili asiwaambukize wengine. Wadogo zake waletwe wakaguliwe. Vitana, mito, kofia, kila kitu kioshwe kwa maji ya moto. "Na usiache dawa ukiona nywele inaota," alimwambia Masika, si mimi. "Adui akinyamaza siyo kwamba amekufa."

Mwanangu alipona. Ningekuwa mtu mwema, hadithi ingeishia hapo na shukrani.

Lakini tulipaswa kurudi akaguliwe, tukarudi, tukarudi tena, na kila tukirudi Masika alikaa kwenye kigoda kile. Alianza kuamka mapema siku za kwenda Bwera. Alipofika sekondari alikuwa akienda peke yake Jumamosi, kumsaidia Afande kuosha vioo na kupanga foleni. Wakati wa likizo alilala huko. Akirudi nyumbani alikuwa na maneno yake. Alimwambia mdogo wake, "Songa!" Alimwambia baba yake, "Kausha katikati ya vidole!" Na baba yake akakausha.

Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, ingawa ni jambo dogo la miguu. Mume wangu anafanya kazi kiwandani, kwenye saruji, siku nzima miguu iko ndani ya gambuti. Miaka yote ya ndoa yetu nilimwambia: vua soksi hizo, osha, anika gambuti juani, hiyo ngozi nyeupe inayooza katikati ya vidole si jasho. Alisema ndiyo mpenzi, akalala na soksi. Siku moja alimsindikiza Masika Bwera. Afande alimtazama akiingia, akasikia harufu, akasema neno moja, "Viatu." Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akavua viatu mbele ya benchi zima. Alirudi na krimu, na poda, na jozi kadhaa za soksi za pamba, akazianika kwenye kamba yangu, akapaka dawa hata baada ya kuwasha kuisha, kwa sababu Afande alisema asiache mapema.

"Mimi nilikwambia hayo hayo," nikamwambia.

"Wewe uliniambia kama mke," akasema. "Yule aliniambia kama afande."

Nilimnyima chakula cha jioni siku ile. Alikwenda jikoni akajipakulia, akiimba.

Msidhani alikuwa malaika. Nilipokuwa nakusanya makosa yake, na niliyakusanya kwa bidii, sikukosa.

Alikuwa na maringo. Alipenda kuitwa kwenye redio, na alipoitwa alivaa hereni, ingawa redioni hakuna anayekuona. Hakujua kupika, wali wake ulikuwa uji juu na mkaa chini, na mgonjwa aliyemletea chakula alipita foleni, hilo kila mtu alilijua. Aliwasahau watu majina lakini si magonjwa. Alikutana na mchungaji wetu kwenye mazishi akamwita kwa sauti, "Kucha ya mguu wa kulia! Iko namna gani?" Mchungaji akaficha mguu nyuma ya Biblia.

Kulikuwa pia na mambo ya yule mama wa Kikongo. Ni mwanamke wa Butembo, mnene, mcheshi, aliyeuza nguo na mafuta ya ngozi kwenye soko la Bwera, zikiwemo zile tyubu zilizokiharibu kichwa cha Masika. Afande alikuwa akimwendea asubuhi na kumfokea mpaka watu wakajaa. "Hii dawa inazima moto juu, chini nyumba inaungua! Unaficha choa ya watu, unaipa nguvu! Nitakufunga!" Mama yule alijibu bila kupandisha sauti: "Afande, batu beko banaitaka. Nikikataa, banavuka mupaka banainunua kule. Sasa miye nifanye nini, ma chère, dada yangu?" Watu walidhani watashikana. Alasiri ungewakuta wamekaa pamoja kwenye kibanda cha yule mama, wanakunywa chai ya maziwa kutoka chupa moja, wakisengenya mji mzima.

Nilimuuliza Afande siku moja, kwa ile sauti tamu ninayoitumia kwa wateja wabaya, inakuwaje anakunywa chai na adui.

"Huyo siyo adui. Huyo iko rafiki yangu anafanya kosa," akasema. "Nikimwacha, nani atamfokea?"

Na alimfokea kwa miaka. Mwishowe yule mama aliacha kuuza tyubu zile, au alisema ameacha. Choa hazikuisha Bwera.

Kosa lake nililolipenda kuliko yote nililigundua kwa bahati. Afande alipaka kucha rangi nyekundu daima, za mikono na za miguu, nyekundu ya damu, na nilikuwa nikisema moyoni, mwanamke wa umri ule. Siku moja nilifika kliniki bila kutarajiwa, nikamkuta uani, mguu juu ya beseni, amefuta rangi. Ukucha wa dole gumba la mguu wake ulikuwa wa njano, mnene, unamong'onyoka pembeni kama mkate uliokauka. Fangasi ya ukucha, ya miaka. Masika alikuwa amepiga magoti mbele yake akiupiga tupa.

Nilihisi furaha ambayo sikuijua jina.

"Kumbe daktari naye," nikasema.

Afande hakushtuka wala kuficha mguu. "Nilianza vidonge mara mbili, nikaacha mara mbili," akasema. "Ukucha inaota polepole sana. Inataka miezi na miezi, na mimi sina subira ya kungoja kitu yangu mwenyewe. Ya watu, ninayo."

"Lakini wengine unawafokea wakiacha."

"Ndiyo. Kwa sababu najua kuacha iko rahisi namna gani."

Masika hakuinua uso. Aliendelea kupiga tupa, taratibu, vumbi la ukucha likianguka kwenye gazeti. Nilikuwa nimepata habari ya kumwaibisha mtu, nikaondoka na picha ya mtoto wangu akiwa amepiga magoti kwenye mguu wa mwanamke mwingine. Miguu yangu mimi hajawahi kuigusa.

Siku nyingine tulikwenda na Afande Katwe. Alikuwa amesikia kwamba wanawake wanaovuna chumvi ziwani wanawashwa mapajani na kiunoni, na kwamba wanajitibu kwa maji yale yale ya chumvi mpaka wanachubuka. Nilikwenda kwa sababu sikutaka Masika aende bila mimi. Jua lilikuwa kali, chumvi inang'aa mpaka macho yanauma. Wanawake walikataa kuonyesha chochote. Afande akasimama na amri zake, na kwa mara ya kwanza nikaona amri zikishindwa. Mmoja alimwambia, "Wewe afande, rudi kambini. Hapa hatuvui nguo kwa kupigiwa kelele."

Nilifurahi, nakiri. Halafu Masika akavua kofia, akainamisha kichwa, akawaonyesha mahali pale juu ya sikio palipovimba zamani, pasipoota nywele tena. Akawaeleza kwa Lhukonzo, lugha ya pale, jinsi alivyoitwa Biguuna. Hakusema zaidi. Wanawake wakatazamana. Kidogo kidogo wakaingia mmoja mmoja nyuma ya kibanda cha mabati, na Afande akawapima, safari hii kwa sauti ya chini, akiwaeleza kwamba nguo mbichi zibadilishwe wakitoka majini, kwamba chumvi ni ya mboga na si ya choa, na kila mmoja akapewa dawa yake.

Tukirudi, Afande alimwambia Masika, "Leo wewe ndiye afande." Mtoto akageuza uso dirishani kuficha alivyofurahi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuongea na wanawake. Mimi ndiye niliyekaa naye saluni akiwa mchanga, akisikia jinsi mtu anavyofunguliwa moyo pole pole. Hakuna aliyekumbuka hilo ndani ya gari lile.

Pale pasipoota nywele palituletea ugomvi wetu mkubwa.

Ule uvimbe uliacha kovu, na kwenye kovu nywele hazikurudi. Mimi ni msusi. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nikimsuka Masika kila Jumapili, misuko ya pembeni inayolala juu ya lile pengo, hata mama mkwe wangu akasahau kuwa lipo. Hiyo ilikuwa saa yetu. Alikaa sakafuni katikati ya magoti yangu, na hata kama hatukuongea, kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu.

Likizo moja akarudi kutoka Bwera amenyoa. Kipara karibu kabisa, na lile kovu linaonekana kama jani limegandishwa juu ya sikio.

Sikumuuliza kitu. Nilifunga saluni, nikapanda taksi, nikafika kliniki na vumbi la njia nzima usoni. Afande alikuwa na mgonjwa. Sikungoja.

"Nani alikuruhusu umnyoe mwanangu?"

"Sikumnyoa. Kinyozi alimnyoa."

"Wewe ulimtuma!"

"Aliniuliza kama nywele itaota pale. Nikamwambia ukweli, haitaota. Akauliza kama misuko inasaidia. Nikamwambia inavuta, na pembeni ya kovu nywele inaanza kutoka. Angalia wewe mwenyewe, uko na macho ya kazi. Akafikiri, akaenda kunyoa. Kichwa iko yake."

"Kichwa hicho nimekizaa mimi!"

Mgonjwa, mzee mmoja mwenye choa shingoni, akaanza kuvaa shati lake polepole. Afande akamwashiria akae.

"Mama Masika," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa heshima hiyo. "Umemzaa, sawa. Lakini mtoto anachoka kufichwa."

"Nilimficha nani asimwone? Watu waliomcheka! Wewe ulikuwa wapi wakimcheka? Ulimpata akiwa tayari kupona. Mimi nilimpata akioza!"

Nilisema hivyo, kwa sauti, na benchi lote likasikia. Sijutii. Nilingoja Afande anifukuze, au anipe amri, niikatae. Badala yake aliketi, jambo ambalo hakulifanya mbele ya mtu aliyesimama.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo ni kweli."

Ukitaka kumshinda mtu mwenye wivu, mpe haki yake. Nilirudi Kasese na gari lile lile lililonileta. Dereva hakuwa amemaliza hata kujaza abiria.

Masika hakusuka tena. Na nilipomtazama kwa utulivu, kazi ikinilazimisha, niliona kwamba kweli pembeni ya kovu nywele changa zilikuwa zimeanza kurudi. Sikumwambia Afande.

Sasa Masika yuko Mbarara, anasomea mambo ya maabara. Anaponipigia simu ananiambia alichochungulia siku hiyo. Sielewi nusu ya majina, lakini namwacha aseme. Najua anampigia Afande pia. Najua kwa sababu wakati mwingine nikimpigia simu inatumika, nami najua ni nani.

Mara ya mwisho kumwona Afande ilikuwa miezi michache iliyopita, katikati ya wiki, mchana, saluni ikiwa tupu. Gari lilisimama nje, akatoka yeye, anatembea na mkongojo, amepungua mwili mpaka koti limekuwa kubwa. Kliniki alikuwa ameifunga. Macho yalikuwa yamekwisha, na mtoto wa kaka yake alikuwa akimpeleka Fort Portal kukaa naye.

"Nimekuja kupaka rangi nywele," akasema. "Nyeusi. Sitaki mke wa huyu mtoto aone ameletewa mgonjwa."

Hakuwa amewahi kukanyaga saluni yangu. Nilimkalisha, nikamfunga taulo, nikavua kofia yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, laini, chache, na ngozi ya kichwa ilikuwa safi kama ya mtoto. Nilikitazama kichwa kile kama nilivyozoea kutazama vichwa, natafuta kasoro. Sikuona.

Nikachanganya rangi. Nikaanza kupaka kutoka shingoni. Nilipofika utosini akasema, huku akitazama kioo asichokiona vizuri:

"Nilikuwa nakuchukia, unajua?"

Brashi ilisimama. "Mimi?"

"Wewe. Kila Jumamosi, jua ikianza kushuka, mtoto anaanza kuangalia barabara. Ninamwonyesha kitu kizuri kwenye hadubini, anasema ndiyo Afande, lakini masikio iko barabarani, anasikiliza taksi ya Kasese. Nilikuwa nasema, huyo mama yake iko na nini?"

"Na kwako alilala. Likizo nzima."

"Alilala. Mara moja alishikwa na homa. Nilikuwa kitanda ya pili. Akaita mama, macho imefungwa. Nikaenda, nikamshika mkono, nikasema niko hapa. Akafungua macho akaniangalia." Akaliweka sawa taulo mabegani. "Akasema, siyo wewe."

Nje watu walikuwa wakipita, boda boda zinapiga honi. Nilitumbukiza brashi kwenye bakuli, nikaigeuza geuza bila sababu.

"Alisema nini?" nikauliza. Nilikuwa nimesikia vizuri.

"Alisema, siyo wewe."

Nikapaka shungi la mbele. Nikafuta tone lililokuwa likimshukia kwenye paji la uso kabla halijafika jichoni. Nilikuwa na aibu ya kuuliza tena, lakini nadhani mikono yangu iliuliza, kwa sababu ilikuwa imesimama juu ya kichwa chake na haikuendelea.

Afande alisikia. Miaka yote ile alikuwa amewapa watu kile walichokuja kutafuta, wakitaja au wasitaje. Alinyoosha mgongo kwenye kiti, akainua kidevu, akalisema neno lile mara ya tatu, kwa sauti ya wazi kabisa, ili nilisikie vizuri na nirudi nalo nyumbani:

"Siyo wewe, alisema. Nataka mama yangu."